Miraba 120: Winifred Knights na miaka yake ya masomo Slade

Shikamooni wakubwa zetu. Wanafunzi, hamjambo.

Mchoraji tutakayemzungumzia leo wengi wenu hamjapata kumsikia. Winifred Knights alizaliwa Streatham, kusini mwa London, tarehe 5 Juni 1899, akafariki Februari 1947 kabla hajatimiza miaka 48. Alifanya kazi polepole mno, picha kubwa alizozimaliza ni chache, na nyingine ziliishia mbali na kwao: Harusi ya Kana, aliyoipaka Italia, iko New Zealand mpaka leo. Uingereza kwenyewe, maonyesho makubwa ya kwanza ya kazi zake yalifanyika Dulwich, London, mwaka 2016, karibu miaka 70 baada ya kufa kwake.

Akitajwa, hutajwa kwa picha moja, Gharika, na kwa habari moja: kwamba msichana wa miaka 21 aliipaka kwa wiki nane, akashinda udhamini wa kwenda kusoma Roma. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini inavyosimuliwa inampunja, kwa sababu inamfanya aonekane mtu aliyeshukiwa na kipaji usiku akaamka asubuhi na picha. Ukifungua michoro yake ya shule unaona kwamba kazi ya zile wiki nane aliizoea darasani, hatua kwa hatua. Ndiyo maana leo tutakaa zaidi na shule kuliko na ushindi.

Slade ni shule ya sanaa iliyo ndani ya University College London, mtaa wa Gower. Ilifunguliwa mwaka 1871 kwa fedha za urithi alizoziacha Felix Slade, na tangu mwanzo ilipokea wanawake. Kwetu jina hili si geni kabisa. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere, alikuwa mwanafunzi wa Slade, na Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, alisoma hapo kati ya 1952 na 1955 baada ya kutoka Makerere.

Knights aliingia Oktoba 1915, ana miaka 16. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita, vijana wa kiume wengi walikuwa jeshini, na madarasa yalijaa wasichana. Profesa alikuwa Frederick Brown, lakini mtu aliyeogopwa katika vyumba vya kuchorea ni Henry Tonks, daktari wa upasuaji aliyeiacha kazi ya hospitali akawa mwalimu wa kuchora. Mwaka 1916, Knights akiwa mwanafunzi wake, Tonks alikuwa pia anachora kwa pasteli nyuso za askari waliojeruhiwa, kwa ajili ya daktari Harold Gillies aliyekuwa akizitengeneza upya nyuso hizo. Mjue basi ni jicho la namna gani lililokuwa likipita nyuma ya viti vya wanafunzi.

Mwanafunzi mpya hakupewa rangi. Alipelekwa kwanza kwenye chumba cha sanamu za plasta, nakala za sanamu za Kigiriki na Kirumi, akachore hizo mpaka walimu waridhike. Baada ya hapo ndipo aliporuhusiwa kuchora mtu hai, na wanawake walikuwa na chumba chao tofauti na wanaume. Sanamu ya plasta ina faida mbili. Haichoki na haisogei, kwa hiyo ukikosea kipimo huwezi kumsingizia modeli, yaani mtu anayekaa ili achorwe. Tena ni nyeupe mwili mzima, kwa hiyo weusi wowote unaouona ni kivuli. Kwa mtu hai, anayeanza huchanganya rangi ya nywele na kivuli cha shavu, akaviweka sawa, na kichwa kikaanguka.

Shule nyingi za serikali za karne ya 19 zilifundisha kivuli kwa kusugua. Mwanafunzi alichukua chaki nyeusi, akaisambaza kwa kijiti cha karatasi, akafuta kwa tonge la mkate, na sanamu moja ingeweza kula wiki au miezi mpaka ing'ae kama picha ya kamera. Slade waliikataa njia hiyo. Walitaka ncha ya penseli na mstari. Mstari wenyewe ulitakiwa useme mfupa unaelekea wapi: paja linakuja kwako au linakwenda mbali nawe, bega limeinuka au limeshuka. Kivuli kiliwekwa baadaye, kwa mistari myepesi inayofuata mzunguko wa kiungo, na pale tu kilipohitajika.

Hapa niwaonyeshe makosa matatu, maana ni yale yale tunayoyaona kwenye karatasi zetu. La kwanza ni kuzungusha mstari wa nje wenye uzito mmoja kuanzia kichwani mpaka unyayoni, kama waya. Mtu huyo ataonekana amekatwa kwa mkasi. Dawa yake ni kukaza mkono pale kiungo kinapobeba uzito au kinapopita mbele ya kingine, na kuulegeza pale nyama inapogeukia mwanga. La pili ni kuanza na jicho. Jicho likishapendeza mchoraji hataki kulifuta, na kichwa kizima kinalazimika kulifuata hata kama limekaa upande. Anza na mwinamo wa kichwa na mstari wa mabega, kisha nyonga, kisha miguu iliyobeba mwili, na jicho lisubiri. La tatu ni nguo. Wengi huchora mikunjo kama mapambo. Kitambaa huning'inia kutoka mahali pachache, yaani begani, kiwikoni, nyongani na gotini. Vitafute vituo hivyo kwanza, mikunjo itajipanga yenyewe.

Tonks aliposahihisha, alikuwa na kawaida ya kuchora pembeni mwa karatasi ya mwanafunzi mchoro mdogo wa kile kiungo kilichomshinda. Maneno yake yalikuwa makali, wanafunzi waliolia darasani walikuwepo, na sitaki kuutetea ukali huo. Lakini ule mchoro wa pembeni ulikuwa fundisho, kwa sababu ulimwonyesha mwanafunzi kiungo kikigeuka, pale pale, kando ya kosa lake.

Tarehe 19 Januari 1917 jioni, kiwanda cha kusafisha baruti ya TNT kililipuka Silvertown, mashariki mwa London. Zililipuka takriban tani 50, watu 73 wakafa, na makumi ya maelfu ya nyumba zikaharibika. Knights aliushuhudia mlipuko huo. Ulimvuruga akili kiasi kwamba aliacha masomo mwaka huo, akapelekwa kwa ndugu wa baba yake waliokuwa na shamba Line Holt, Worcestershire.

Wanaoandika juu yake hupita haraka hapo, kama vile mwaka huo ulikuwa shimo katika masomo yake. Mimi nauona ni sehemu ya shule. Shambani alichora watu wakifanya kazi, na mwaka 1918 akatengeneza picha ya uvunaji wa viazi. Mtu anayevuna viazi hakai kama modeli wa darasani. Anainama, anainuka, anageuka, na mchoraji ana sekunde chache tu za kuukamata mgongo. Darasani Knights alikuwa amejifunza mwili uliotulia. Line Holt alijifunza mwili ulio kazini, tena wengi pamoja, kila mmoja na mwinamo wake na wote wakifuata mfereji mmoja wa shamba. Ukiitazama Gharika baada ya kujua hilo, unawatambua wale watu wanaokimbia. Migongo yao ni ya wakulima.

Alirudi Slade mwaka 1918. Brown alikuwa amestaafu, Tonks ndiye profesa sasa. Kipindi hiki cha pili ndicho kilichomtengeneza, kwa sababu aliingia kwenye utunzi, yaani kazi ya kuwapanga watu wengi katika picha moja yenye habari. Slade walikuwa na shindano la utunzi la kiangazi. Mada inatolewa, wanafunzi wanaondoka nayo likizo, wanarudi na turubai kubwa. Mwaka 1919 Knights aligawana zawadi ya kwanza kwa picha ya mtaa wa kijiji, wafanyakazi wa kinu wakizungumza. Mwaka huo huo alipaka pia wafanyakazi wakitoka kiwanda cha silaha. Dada wa mama yake, Millicent Murby, alikuwa mpigania haki za wanawake na mjamaa, na si vigumu kuona kwa nini binti huyu alichagua wafanyakazi wakati angeweza kuchagua malaika.

Sasa tufike 1920. Shule ya Uingereza iliyoko Roma ilikuwa ikitoa udhamini wa uchoraji wa mapambo, maana yake picha kubwa za kuta na majengo ya umma. Waliofika fainali walipewa mada moja, ukubwa mmoja na muda mmoja. Mada ya mwaka huo ilikuwa Gharika, ukubwa futi 6 kwa 5, muda wiki nane.

Kisa cha Nuhu hakuna asiyekijua hapa, awe wa msikitini au wa kanisani. Na mchoraji yeyote akiambiwa Gharika, mkono wake unakwenda kwenye safina, na wanyama wakipanda wawili wawili. Knights naye alianzia huko huko. Upo mchoro wake wa mapema wenye Nuhu, jamaa zake na wanyama. Akauacha. Katika picha ya mwisho safina iko mbali nyuma, kuta zake tupu na za kisasa kama jengo la zege, nayo inaondoka. Mbele wamejaa walioachwa, wanakimbia na kupanda kuelekea mahali pa juu. Wasomaji wa Kurani watamkumbuka mwana wa Nuhu aliyesema atakimbilia mlimani umlinde na maji. Knights hakuichora aya hiyo, yeye alikuwa na Biblia ya kwao, lakini picha yake inasimama pale pale kijana yule aliposimama.

Je, mtu anaanzaje turubai la futi 6 kwa siku 56? Nitaeleza kwa vipimo, kwa njia waliyofundishwa wachoraji wa mapambo wa kizazi chake. Katika michoro yake iliyobaki mingi bado ina miraba ya penseli juu yake.

Unaanza na mchoro mdogo wa mpangilio. Tuseme inchi 12 kwa 10, kwa sababu ukizidisha mara sita unapata 72 kwa 60, ndizo futi 6 kwa 5. Kipimo hicho kikiwa na uwiano tofauti hata kidogo, mfano ukichukua karatasi ya A4 bila kuikata, utajikuta mwishoni una kipande cha turubai kisicho na mchoro, na utakijaza kwa kubahatisha. Hapo ndipo picha nyingi huharibikia pembeni.

Kutoka kwenye mpangilio unatoa orodha ya watu. Kila mmoja anachorwa peke yake kutoka kwa modeli, kwanza bila nguo ili uzito ukae, halafu na nguo, halafu mikono na miguu kwenye karatasi tofauti. Knights hakuwa na fedha za kulipa modeli kila siku. Mama yake, Mabel, alisimama kama mwanamke aliyebeba mtoto. Mchumba wake wa wakati huo, mchoraji Arnold Mason, alisimama kwa ajili ya zaidi ya mwanamume mmoja. Uso wa mwanamke aliye mbele, katikati kuelekea kulia, ni wake mwenyewe. Gharika yenye watu wengi ikapakwa kwa miili ya wachache, na hutambui kirahisi, kwa sababu kila kiungo kilichorwa upya kwa mwinamo wake.

Mchoro mdogo sasa unapigwa miraba ya inchi moja: safu 12 kwa upana, 10 kwa kimo, jumla 120. Turubai linapigwa miraba 120 pia, ya inchi 6 kila mmoja. Kabla ya kupiga mstari wowote, pima fremu kona kwa kona. Kwa sentimita 183 kwa 152.5, kila ulalo uwe sentimita 238. Ulalo mmoja ukizidi mwingine kwa sentimita moja, fremu imeenda pembeni, miraba yako itakuwa imeinama, na kila mtu kwenye picha atainama nayo. Utahangaika na mabega siku tatu bila kujua kosa liko kwenye mbao. Piga mistari kama fundi mwashi, kwa uzi uliopakwa chaki, uvutwe na kuachiwa. Safu za upana zipe herufi A mpaka L, za kimo zipe namba 1 mpaka 10, kwenye karatasi na kwenye turubai. Bila majina hayo, ukishuka ngazi kunywa maji unarudi na kuanza mraba wa jirani. Kwenye vichwa na mikono igawe miraba katikati, iwe ya inchi 3.

Usichore kitu chote ndani ya mraba. Tafuta tu mahali mstari unapokata ukingo wa mraba, weka alama, kisha unganisha alama hizo kwa mkono mmoja usiosita. Anayenakili mraba mmoja mmoja hupata watu wenye viraka, kila kipande sahihi na mwili mzima umevunjika.

Kwa mtu muhimu kulikuwa na njia nyingine, mchoro wa ukubwa kamili kwenye karatasi, wenyewe wakiuita katuni. Mistari yake inatobolewa kwa sindano, tundu moja kila milimita 3 hadi 5, karatasi inabandikwa juu ya turubai, na mfuko wa kitambaa chepesi wenye unga wa mkaa unagongwa gongwa juu yake. Matundu yakiwa mbali sana, midomo na vidole hupotea. Ukipaka rangi juu ya unga wa mkaa ambao hujaupuliza, rangi zako za ngozi zitageuka kijivu. Fuata kwanza vidoti kwa rangi ya kahawia iliyotiwa tapentaini nyingi, kile kimiminika cha kuzimulia rangi ya mafuta, subiri ikauke, kisha pangusa unga.

Wengi wa rika lake walivutiwa na tempera ya yai, rangi ya mabwana wa Italia wa karne ya 15. Unatenga kiini, unakiviringisha kwenye viganja mpaka utando wake ukauke, unaushika utando kwa vidole na kuutoboa, kiini kinatiririka na ngozi inabaki mkononi. Kisha kiasi sawa cha kiini na cha rangi ya unga iliyolowekwa kwa maji. Kiini kikipungua, rangi inafutika kama chaki. Kikizidi, inakuwa na mafuta, inapasuka na kubanduka. Inahitaji ubao mgumu uliopakwa unga wa chaki na gundi ya ngozi, na kwenye turubai linalolegea haina usalama. Kwa Gharika, Knights alitumia rangi ya mafuta kwenye turubai.

Mafuta nayo yana mtego wake, muda wa kukauka. Kahawia ya amba, ambayo ni rangi ya udongo, ikipakwa nyembamba hukauka kwa siku moja au mbili. Nyeusi ya mifupa huchukua siku nyingi zaidi. Ukiweka nyeusi nzito chini, halafu juu yake rangi inayokauka haraka, ya juu inakakamaa wakati ya chini bado inasogea, na uso unapasuka. Kwa hiyo chini tapentaini, juu mafuta ya mbegu za kitani, na kila tabaka liwe na mafuta kidogo zaidi ya lililo chini yake. Mchoraji mwenye siku 56 hawezi kurudia sehemu moja mara kumi. Tukizigawa leo, tungetoa wiki tatu kwa mpangilio na michoro ya watu, wiki moja kwa kuhamisha, wiki tatu za rangi, na wiki ya mwisho kwa yaliyoharibika. Wengi hawaitengi wiki hiyo ya mwisho, ndipo wanapokwama.

Rangi za Gharika ni chache kwa makusudi: kijivu, kahawia, nyeusi, kijani kilichofifia na wekundu uliotulizwa. Rangi chache zinaokoa muda, maana mchanganyiko wa kijivu uliotengenezwa asubuhi unatumika kwenye maji, ukutani na kwenye sketi. Zinamuunganisha pia kila mtu na kile anachokikimbia. Maji hayana mawimbi wala povu, yamelala bapa kama kioo cheusi. Miili imepangwa kwa mistari ya mshazari, mikono imenyooka, viwiko vimekatwa kwa pembe kali, na hapo unaona kwamba alikuwa amewatazama wachoraji wa kisasa wa London kama alivyowatazama Waitalia wa kale. Mshazari mmoja ukikosewa kwa nyuzi chache tu, mwili ungeonekana unacheza ngoma badala ya kukimbia. Sioni hata mmoja uliokosewa.

Alishinda. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupata udhamini huo wa uchoraji, na magazeti ya London yalimwandika. Mwaka huo huo akaenda Roma. Huko alisoma picha za Piero della Francesca na Masaccio, mabwana wa Italia wa karne ya 15, akapaka Harusi ya Kana iliyomalizika 1923, yenye vipande vya tikiti maji mezani, na mwaka 1924 akaolewa na Thomas Monnington, mchoraji mwenzake wa udhamini huo. Mwendo wake haukubadilika. Picha ya Mtakatifu Martin wa Tours kwa ajili ya Kanisa Kuu la Canterbury ilimchukua kuanzia 1928 hadi 1933, mchoro mmoja mmoja, mkono kwenye karatasi yake, kitambaa kwenye karatasi yake, kama alivyozoea Slade.

Gharika ilinunuliwa na Tate, jumba la sanaa la London, mwaka 1989. Anayefika London aiendee, asimame karibu kwanza kwenye mikono, kisha arudi nyuma hatua nane.

Karatasi zilizo mezani zimeshakatwa inchi 12 kwa 10. Penseli zimechongwa, rula zipo, na turubai lile pale ukutani ni futi 6 kwa 5. Wawili waje tupime ulalo wake kabla ya kushika uzi.